Gereza Lililokosa Wafungwa

Basi la Arusha likishapita lango la Ikoma, abiria hugawanyika makundi mawili. Wageni wawili watatu husogea dirishani na simu zao. Waliobaki, ambao ndio wengi, huvuta kanga na makoti hadi puani wakaendelea na usingizi. Asubuhi hiyo simba jike alikuwa amejilaza pembeni mwa barabara, karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nzi waliomtua masikioni. Kondakta alipunguza sauti ya redio kwa heshima ya wageni. Mama mmoja aliyepandia Mugumu na kiroba cha ndizi za Tarime alifungua jicho moja, akamtazama, akasema, "Ameshiba huyo," akalifunga tena.

Ndivyo watu wa huku walivyo. Wilaya ya Serengeti imepakana na hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na Tarime inaigusa kwa upande wa kaskazini, kule Lamai, ambako nyumbu huvuka Mto Mara kwa maelfu kuanzia Julai. Kwa aliyezaliwa Robanda, Nata au Nyanungu, mnyama si kitu cha kufungiwa safari. Ni jirani, tena jirani asiyebisha hodi.

Kwa hiyo habari ya kwamba nasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kutazama kobe haikupokewa vizuri nyumbani. Baba mdogo aliomba nirudie.

"Kobe? Si hawa wa porini?"

"Ni wakubwa, baba. Wako kwenye kisiwa cha gereza, Unguja."

Alifikiri kidogo. "Wamefanya nini?"

Swali hilo lilinichekesha hadi Naabi. Kufika Karatu lilikuwa limeanza kunisumbua, kwa sababu ninakotoka mimi mtu na mnyama wakitajwa pamoja na gereza, anayeingia ndani siku zote ni mtu.

Arusha, Dar es Salaam na boti ya kuvukia Unguja hazina la kusimulia, labda tumbo langu, ambalo halijazoea maji yanayotikisika. Ziwa letu lina mawimbi, lakini mimi ni mtu wa Mugumu. Huko tunaliona ziwa kwenye samaki.

Pwani ya Mji Mkongwe mtu hafiki peke yake. Wapo papasi, na jina hilo wamepewa na Wazanzibari wenyewe kwa mfano wa yule mdudu: akishakung'ang'ania hatoki. Mmoja alinishika kuanzia Forodhani hadi kwenye mchanga, akabadilisha lugha tatu kabla ya kugundua kwamba Kiswahili kingetosha.

"Bara wapi, ndugu yangu?"

"Mara."

"Ehee, mura! Askari?"

"Hapana."

"Basi jela." Alimaanisha askari magereza. Wazanzibari wengi, ukiwatajia Mkurya, humvika magwanda kwanza ndipo wamsalimie. Nikamwambia mimi si Mkurya wala si askari, nakwenda kutazama kobe tu. Bei ikashuka papo hapo hadi ile anayoiita ya mwananchi, nikapakiwa kwenye boti ya mbao pamoja na wanandoa wa Morogoro na vijana wanne wa chuo.

Changuu iko kilomita tano na ushei kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe, nusu saa kwa mashine ya kawaida bahari ikiwa shwari. Njiani tuliipita meli ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa kama mtaa mzima wa Kariakoo uliong'olewa ukawekwa majini. Abiria wake walikuwa wametutangulia. Tulipofika maji yalikuwa yamepwa, tukashuka viatu mkononi, suruali zimekunjwa hadi magotini, na wao walikuwa tayari wamejipanga kivulini, kila mmoja na kibandiko cha namba kifuani. Kiongozi wao aliinua kibao juu, wenye namba ya kibao wakamfuata. Meli ilikuwa inaondoka jioni hiyo hiyo. Visiwa vilivyowahi kuwa magereza vina soko kwa wasafiri wa namba hizi. Meli hutia nanga kwenye visiwa vya Guyana ya Kifaransa alikofungwa Kapteni Dreyfus kuanzia 1895, na Afrika Kusini watalii huvuka kwenda Robben kuona chumba cha Mandela, kisha wanawapiga picha pengwini. Nadhani ukuta wa jela hutazamika vizuri zaidi kiumbe asiye na hatia anapopita mbele yake.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Urefu wake ni kama mita 800, na penye upana mkubwa hakifiki robo kilomita. Jina lake ni la samaki, yule changu anayekaangwa kila siku sokoni Darajani. Lakini ukimwambia papasi unataka kwenda Changuu, atakujibu, "Prizoni?" na ndilo jina lililoshika.

Jina limeshika, ila jela haikuwahi kufanya kazi ya jela.

Katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliowafungia huko watumwa wakaidi, kabla ya kuwauza sokoni mjini au kuwasafirisha ng'ambo. Hao ndio wafungwa wa kweli wa Changuu, na hakuna jengo linalowakumbuka. Majengo tunayopigia picha yalikuja baadaye. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa kwa niaba ya serikali hiyo, na mwaka uliofuata jela ikawa imekamilika: kuta nene za mawe na chokaa, uwanja katikati, madirisha yanayotazama bahari. Nia ilikuwa kuwaleta wahalifu wakorofi wa visiwani na wa bara.

Hakuletwa hata mmoja. Hofu ya maradhi ilikuwa imeshika bandari za Bahari ya Hindi, na mji unaoishi kwa meli unajua meli inaweza kushusha nini mbali na vitambaa na mchele. Jela ikageuzwa karantini ya makoloni yote ya Waingereza huku Afrika Mashariki. Abiria waliotiliwa shaka waliteremshwa hapa wakaangaliwa kwa wiki moja au mbili, kisha wakaendelea na safari zao. Kwa kuwa meli zilikuja kwa msimu, karibu nusu ya mwaka vyumba vilikaa vitupu, basi wazungu wa mjini wakapafanya mahali pa mapumziko. Mwaka 1923 kisiwa kilipewa jina rasmi la Kibandiko, na jina hilo likafa lenyewe bila kuzikwa. Mfungwa hakufika, mgonjwa alifika akapita, mtalii akaja akabaki.

Ndani ya ua wa jela mtoto mmoja wa Kizungu alishika nondo za mlango, akakunja uso ili baba yake ampige picha. Kuna watu wa Mugumu wasingeicheka picha hiyo, lakini tutafika huko.

Kobe wako upande wa pili wa njia, ndani ya ukuta mfupi unaomfika mtu mzima kiunoni. Ukiingia unakutana na harufu ya majani yaliyosagika na samadi mbichi, ile ile ya zizini kwetu asubuhi. Halafu mawe yanaanza kutembea.

Mlezi wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya kiua na ndala, alinikabidhi fungu la mchicha. "Usimpe kwa vidole," alisema. "Haumi, lakini hatofautishi kidole na shina." Kobe aliyekuwa mbele yangu alinyoosha shingo taratibu, ngozi yake imekunjamana kama goti la ndovu, akafungua kinywa kisicho na jino hata moja na ulimi mnene wa waridi. Aliuma. Majani yalikatika kwa sauti kavu. Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, ndipo akauma tena. Machozi yalikuwa yamemjaa kwenye pembe za macho. Mgongoni, kwa rangi ya buluu iliyopakwa kwa brashi, palikuwa na namba.

"Hiyo ni nini?"

"Umri."

Nilizunguka nikisoma migongo. Wapo wa miaka themanini, wapo wa mia na kitu, na mzee wao amevuka mia na themanini kwa hesabu ya hapo. Hesabu za wakongwe ni za kukisia, maana hakuna aliyekuwapo walipoanguliwa, ila kobe hawa huishi muda mrefu kweli. Yupo Jonathan, anayeishi kwenye kisiwa cha Mtakatifu Helena. Alipelekwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, naye anakadiriwa kuzaliwa karibu 1832.

Mlezi alinionyesha jambo ambalo wenye vibandiko vifuani hawakupata muda wa kuliona. Alichuchumaa, akamkuna kobe mkubwa chini ya shingo, pale ngozi inapokutana na gamba. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mnyama yule, dume zito la kilo zaidi ya 100, akajiinua polepole juu ya miguu yote minne, shingo ikarefuka, kichwa juu, macho yakafumba nusu. Akabaki hivyo. Mlezi alipoacha kumkuna, kobe alibaki amesimama akisubiri.

"Ukimwacha atakaa hivi hata dakika kumi," alisema. "Anadhani bado."

Asili yao ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe huko Shelisheli, ambako wenzao kama laki moja bado wanatembea bila ukuta. Zamani mabaharia waliwapakia melini wakiwa hai, kwa sababu kobe anaweza kukaa miezi bila chakula wala maji, na nyama inayojitunza yenyewe ilikuwa akiba nzuri kabla ya barafu. Hawa wa Changuu walianza na wanne. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli aliwapeleka Unguja kama zawadi.

Zawadi hiyo inaonekana vingine ukikumbuka Waingereza walikuwa wanapeleka nini upande wa pili. Shelisheli ndiko walikowatupa wafalme wa Afrika waliowashinda nguvu. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa 1899, wakaishia huko. Mwanga akafia huko 1903. Prempeh, mfalme wa Asante, alipelekwa huko 1900. Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Usultani wa Zanzibar mwaka 1896 hadi mizinga ya Waingereza ilipomtoa kwa vita isiyofika saa moja, alikamatwa Dar es Salaam mwaka 1916, naye akazungushwa uhamishoni kati ya Mtakatifu Helena na Shelisheli, kabla ya kuruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na kufia Mombasa 1927. Kobe wanne walipopakiwa melini kuja Unguja, Kabalega na Prempeh walikuwa bado huko, wakingoja ruhusa ya kurudi kwao. Kabalega aliipata 1923. Akafia njiani, Jinja, karibu kabisa na nyumbani.

Wafalme wakapelekwa kisiwani kwa kobe, kobe wakaletwa kisiwani kwa wafungwa. Mlezi nilimsimulia haya, akatikisa kichwa. "Kobe wamefaidi," alisema.

Wamefaidi, ila si kwa muda wote. Wale wanne walizaana hadi wakafika kama 200 mwaka 1955. Kisha wizi ukaanza. Walibebwa kwa boti usiku, wengine kwa kitoweo, wengine kwa wanunuzi wa nchi za nje wanaofuga viumbe vya ajabu majumbani. Mwaka 1988 walibaki 100, mwaka 1990 wakabaki 50, na mwaka 1996 walikuwa saba. Mwaka huo huo vikaletwa vitoto 80 ili kizazi kisikatike, vikatoweka 40. Hapo ndipo Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ilipowajengea boma la kuwalinda. Vitoto vilifungiwa peke yake nyuma ya wavu na kufuli, na hadi leo viko huko. Vingine havizidi kiganja.

Kwa hiyo jela ya Changuu hatimaye ikapata wa kuwafungia, ila kufuli linawazuia walio nje.

Nilipokuwa nikiangalia vitoto vile nilimkumbuka George. Mei 2010 faru weusi watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini, vizazi vya faru wa Afrika Mashariki waliopelekwa huko miaka ya 1960, na Rais Kikwete alikwenda kuwapokea mwenyewe. George alikuwa mmoja wao. Desemba mwaka huo huo alikutwa ameuawa, pembe hazipo. Mwaka 2019 wakaletwa wengine tisa, safari hii upande wa Grumeti. Nyumbani watu waliwasikia faru hao redioni wakitajwa kwa majina na ulinzi wao ukielezwa, na mzee mmoja wa Nata aliuliza kama nao wana kadi za bima.

Alikuwa anatania, lakini utani huo una mizizi. Serengeti haina ukuta wa kiunoni. Tembo hutoka usiku mmoja akamaliza mahindi ya ekari mbili, na mwenye shamba hulala juu ya dungu akigonga debe, au huzungusha kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili na kuomba upepo uvume kuelekea porini. Akiuawa mtu, kuna malipo yanayoitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliyapanga kuwa shilingi milioni moja. Mazao yanapata kifuta jasho. Majina haya mawili hayakutungwa na mwanasheria peke yake. Yupo mtu mezani aliyejua kwamba huwezi kuita fidia kitu kisichofidia.

Na upande wa pili wa daftari kuna wanaume. Ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani katika kesi zilizoanzia Mahakama ya Wilaya ya Serengeti, pale Mugumu, utakutana na mashtaka matatu yanayotembea pamoja kama ng'ombe wa nira: kuingia hifadhini bila kibali, kupatikana na silaha ndani ya hifadhi, kupatikana na nyara za serikali. Silaha ni panga, kisu na nyaya za kutegea. Nyara mara nyingi ni mguu wa nyumbu, au vipande vya kimoro, nyama iliyokaushwa juani. Adhabu ya shtaka la tatu mara nyingi imekuwa miaka 20. Baadhi yao wameachiwa na rufani, na sababu ni za kitaalamu: nyama mbichi huoza, hivyo huteketezwa kabla ya kesi kuisha, na kama mshtakiwa hakupelekwa mbele ya hakimu kusikilizwa kabla haijateketezwa, ushahidi unaanguka. Miaka mitano, sita inakuwa imepita.

Siwatetei wanaotega nyaya. Waya haumchagui nyumbu. Nimewahi kuona punda milia aliyetembea nao shingoni hadi ukazama kwenye nyama, na harufu yake ilimtangulia. Wala siamini hadithi kwamba babu zetu waliishi na wanyama kama malaika. Waliwinda. Lakini Waikoma wa kwetu, wawindaji hao hao, wana pembe za ndovu wanazoziita Machaba, wanazozitunza na kuziheshimu kama roho ya kabila lao, na huwezi kumweleza mtoto wa Kiikoma kwamba tembo ni mali ya wageni ukategemea akuelewe mara moja.

Simu ililia nikiwa bado nimeegemea ukuta. Baba mdogo.

"Umewaona hao wafungwa?"

"Nimewaona. Wanakula mchicha."

"Wa nani?"

"Wa kununua, baba. Watalii wanawalisha."

Akanyamaza, nikamsikia akimweleza mtu pembeni yake. Walicheka wote wawili kwa muda mrefu, muda wa maongezi ukakatika.

Alasiri wenye vibandiko waliitwa kwa filimbi, wakarudi kwenye boti zao wamebeba kofia na kanga. Tausi mmoja alishuka kutoka kwenye kuta za jela akaanza kuokota makombo waliyoacha. Mlezi alichukua fimbo akaanza zamu yake ya jioni: kobe hadi kobe, anagusa gamba kwa ncha ya fimbo, midomo inacheza. Alihesabu mara moja, akarudi akahesabu tena, kwa sababu mmoja alikuwa amejichimbia chini ya majani. Tangu miaka ile ya wizi, hesabu ya jioni hairukwi.

Aliporidhika alikuja kukaa nami kungoja boti. Nikamwonyesha video niliyorekodi Kogatende mwaka jana, nyumbu wakivuka Mto Mara, vumbi, mamba, ndama waliopotezana na mama zao. Aliitazama mara tatu. Hajawahi kufika bara zaidi ya Tanga.

"Ni wangapi hawa?"

"Zaidi ya milioni moja."

"Milioni!" Aliishika simu kwa mikono miwili. "Sasa anawahesabu nani?"

"Ndege."

Akainua uso taratibu, akatazama juu ya ukuta alikokuwa amerudi tausi, akanitazama mimi, akatazama tena tausi. Nikanyoosha mkono nikauelesha hewani, nikaunguruma kama injini. Alicheka hadi kofia ikamdondoka, akaiokota, akaipangusa mchanga, kisha akaenda kufunga kufuli la vitoto.